Mashine ya Mama

Wiki iliyopita nilipewa kazi ambayo vijana wa ofisini kwetu walikuwa wakiikwepa. Kulikuwa na taarifa za visima vya zamani, zimehifadhiwa katika programu isiyofunguka tena kwenye kompyuta yoyote ya siku hizi. Njia iliyobaki ilikuwa kutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili inayokaa ndani ya kompyuta nyingine, na humo ndani kusimika mfumo endeshi wa kale, ule wa enzi za disketi, ili programu ile ijione iko katika zama zake. Nilikubali kwa sababu napenda kazi za polepole. Nikaigawia mashine pepe ile kumbukumbu kidogo tu, maana mfumo wenyewe ukipewa nyingi hauelewi uzifanyie nini, nikazitafuta nakala za disketi zake, nikaiwasha.

Dirisha jeusi likafunguka katikati ya kioo. Kistari kikawa kinapepesa pembeni. Kisha maneno meupe yakanitaka niingize disketi ya pili, na nikimaliza nibonyeze kitufe chochote.

Sikubonyeza. Kijana wa meza ya jirani akaniuliza, "Mama, imegoma?" Nikamwambia haijagoma. Nikatoka nje, nikasimama kivulini. Mara ya kwanza kuyaona maneno yale nilikuwa mtoto wa darasa la pili, nimesimama nyuma ya kiti cha mama yangu katika kambi ya mradi wa maji kule Kwaluguru. Na siku ile nilikuwa na hakika kwamba mwanamke aliyekaa kwenye kiti kile alikwisha kufa mara moja.

Wenzangu wa rika langu mnaijua miaka ile bila kuelezwa. Sabuni ilikuwa ya mgawo, na kipande kimoja kilikatwa kwa uzi kikagawanywa nyumba mbili. Sukari tuliionja Ramadhani. Nyumba za kijiji chetu zilipangwa kwa mistari kama wanafunzi wanaokaguliwa kucha, na Bibi, mama yake baba, ambaye alihamishiwa pale kutoka bondeni alikozaliwa, hakuuzoea mstari ule hata siku moja. Aliamka asubuhi akasimama mlangoni akitazama mlango wa jirani, akasema kwa Kizigua kwamba watu hawakuumbwa watazamane vinywani kabla ya kupiga mswaki. Lakini lililotutesa zaidi ni maji. Tuliyachota kwenye lambo walilonyweshea mifugo yao Wamasai, yakaja nyumbani na rangi ya chai ya maziwa, yakaachwa yatulie mtungini. Bibi ndiye aliyekuwa bwana wa mtungi ule. Ukinawa mikono, anakutazama. Ukinawa mara mbili, anakuuliza umetoka kuchinja nini.

Kwa hiyo mradi wa maji ulipofika na kupiga kambi nje ya kijiji, watu waliupokea vizuri. Mkubwa wake alikuwa Mzungu mrefu mwenye magoti mekundu, tuliyemwita Bwana Pampu. Walihitaji mpiga chapa, na mama yangu, Zaina, alikuwa amejifunza kupiga chapa Tanga kabla ya kuolewa. Akaajiriwa. Kila siku nikitoka shule nilipita kambini kumngoja, na kabla sijaliona dirisha lake nilikuwa nimeshamsikia: mashine ya chapa ikigonga mfululizo, ikipiga kengele mwisho wa mstari, ikigonga tena. Nilijua kwa mlio ule kama Mama amechoka au hajachoka.

Halafu ikaja ile nyingine, kompyuta. Mashine za namna ile zilikuwa haziingizwi nchini kiholela, na mradi ulikuwa umeipata kwa kibali. Ilikuja imeviringishwa blanketi nyuma ya Landrova, na kijiji kizima kilikwenda kuichungulia dirishani. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuona hata televisheni, basi watu wakaamua kwamba ni redio yenye uso. Bwana Pampu akamfundisha Mama kuitumia. Ule mlio wa kugonga ukakoma, na badala yake ukaja mlio mdogo wa vitufe, kama kuku anayedonoa nafaka juu ya bati. Mama aliipenda. Aliniambia kwamba ukikosea haikulazimu uchomoe karatasi uanze upya. Unarudi nyuma, unafuta, na kosa linakuwa kama halikuwahi kuwapo. "Na inakumbuka," alisema. "Barua niliyoiandika mwezi uliopita naiita, inakuja."

Bibi hakuipenda hata kidogo. Mama alikuwa mjamzito wakati ule, tumbo limeshaonekana, na Bibi alisema mwanamke mwenye mimba hakai siku nzima mbele ya kitu kinachomtazama usoni bila kupepesa.

"Kinapepesa, mama," Mama alimjibu. "Kina kistari kinapepesa."

"Hicho ndicho kibaya zaidi," akasema Bibi.

Siku moja wakati wa mvua za vuli jenereta la kambi lilinguruma vibaya, taa zikawaka kwa ukali mmoja wa ajabu, kisha kila kitu kikazima. Jenereta lilitengenezwa. Mashine haikuamka. Ikiwashwa, kioo kilibaki cheusi. Bwana Pampu alikuwa safarini Dar es Salaam, na kabla ya kuondoka alikuwa ameagiza kwamba kukiwa na hitilafu mashine ipelekwe kwa fundi mmoja aliyekuwa Korogwe. Dereva wa mradi, Shabani, akajiandaa kuipeleka kesho yake.

Asubuhi hiyo ya kesho Mama alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Nilimwona ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, akipumua kwa mdomo, na nyayo zake zimeloa damu. Baba alikimbia kambini. Gari lilikuwa limeshawashwa, likitaka kuondoka. Wakatandika godoro nyuma, wakamlaza Mama kando ya mashine, mama mmoja jirani akapanda kumshika, na Baba akatakiwa abaki kwa sababu nafasi haikuwapo. Njia ya mkato ilikuwa imeharibiwa na mvua, kwa hiyo walizunguka kwa Mkata mpaka Segera, ndipo waikamate barabara ya Korogwe. Nililifukuza gari mpaka kwenye mihogo ya mwisho. Mama hakuinua kichwa.

Kesho yake Bibi alinishika mkono tukaenda kambini kungoja habari. Pale kulikuwa na redio ya upepo, na kila siku kwa saa maalumu kambi yetu ilizungumza na ofisi ya mradi ya Korogwe. Mwendeshaji wake alikuwa Mhina, kijana mpole aliyewaamkia hata watoto. Alituletea benchi, akamwambia Bibi, "Shikamoo bibi, kaa hapa. Shabani lazima ataongea leo."

Redio ilikuwa ikikoroma na kupiga mbinja, sauti zinakuja kama zimezama majini. Mhina aliita mara nyingi. Hatimaye nikaitambua sauti ya Shabani, ikikatika katika kila mwanzo wa neno.

"Kwaluguru, hapa Korogwe. ...mekufa."

Mhina akainama juu ya redio. "Korogwe, rudia."

"Nasema ...mekufa. Wamejaribu tangu asubuhi, ...meshindikana. Narudi na... leo. Jioni nitakuwa hapo."

Kisha ikabaki mikwaruzo mitupu. Mhina aliendelea kuita, lakini saa ya redio ilikuwa imekwisha na Korogwe hapakuitika tena. Alikaa, mgongo umetuelekea. Kisha akageuka.

Bibi ndiye aliyesema. "Zaina amekufa."

"Bibi," alianza Mhina.

Sikulia. Nakumbuka nilitazama benchi tuliyokalia, kichwa cha msumari kilichotokeza, na nikawa nakibonyeza kwa kidole gumba nikidhani nikifaulu kukizamisha mambo yatakuwa vingine. Bibi alinyanyuka, akatoka nje, akashika kichwa, na ukunga alioupiga ulisikika mpaka shamba la kijiji ambako Baba na wenzake walikuwa wakipalilia. Wanasema Baba aliposikia tu sauti ile hakuuliza. Aliweka jembe chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Nyumba yetu ilijaa. Mikeka ikatandikwa uani, wanawake wakajifunga kanga vichwani, chungu kikubwa cha jirani kikaletwa. Mtu mmoja akaninyoa nywele bila kunieleza kwa nini. Kwa kuwa gari lilikuwa lifike jioni, na maiti haikawizwi, shehe wa kijiji aliwaambia wanaume wakachimbe kaburi mapema. Nilitoroka nikawafuata kwa mbali, nikajificha kwenye mihogo. Walianza kuchimba kwa zamu, lakini zamu ya Baba ilipofika hakuliachia jembe. Walimwomba, wakamshika bega, shehe mwenyewe akamwambia mfiwa hachimbi. Aliendelea. Alichimba mpaka kaburi likapitiliza kipimo kwa urefu, na mzee mmoja akasema, "Mwacheni. Hajui tena anachofanya."

Landrova ilifika jua likiwa linaelekea kuzama, imepakwa tope mpaka kwenye madirisha. Kilio kilipanda kabla haijasimama. Wanaume walikwenda moja kwa moja nyuma, wakafungua mlango, na pale juu ya godoro la Mama kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka jeupe na kufungwa kamba. Wanawake walipoliona shuka walianguka chini. Mimi nilisimama. Niliwaona shehe na wazee wengine wakikishika kitu kile kwa adabu, wakisema *inna lillahi*, wakakinyanyua. Na nilimwona shehe akisita, akipapasa juu ya shuka kwa kiganja. Chini ya shuka palikuwa na pembe kama za sanduku.

"Taratibu hiyo," alisema Shabani akishuka upande wake. "Hata kama imekufa ni mali ya watu."

Wakati huohuo mlango wa mbele upande wa pili ukafunguka. Mama akashuka.

Kilio cha watu wote kilikatika kwa mara moja, kama mtu amefunika chungu. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele alirudi kinyumenyume mpaka akakanyaga jiko. Baba alikuwa amesimama na udongo mikononi mpaka viwiko. Nyuma yake alishuka yule jirani aliyemshika njiani. Mama alikuwa wa kijivu, midomo imepasuka, na alitembea kama anayeogopa kumwaga kitu. Mikononi alikuwa amebeba furushi dogo, limeviringishwa kwenye ile kanga aliyoondoka nayo. Alitutazama tulivyokaa, mikeka, vichwa vilivyofungwa, mimi niliyenyolewa.

"Nani amewaambia?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hata Shabani nimemwambia njiani tu."

Alidhani tunamlilia mtoto. Hakujua. Nawakumbuka watu wakitazamana, na Bibi akitoka katikati ya wanawake, akimwendea, akifungua mikono yake kulipokea lile furushi.

"Tumesikia, mwanangu," alisema Bibi. "Tumesikia. Pole sana. Mpe nimshike."

Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa alfajiri, hakulia. Walimwosha ndani, wakamvika, na wanaume wakambeba kwenda kule walikokuwa wametoka kuchimba. Kaburi lililokwisha kuchimbwa halirudishwi tupu. Shehe hakulazimika hata kulisema. Nilikuwa kwenye mihogo tena. Niliona wakimshusha yule mdogo ndani ya shimo lile lote, wakimsogeza upande mmoja, na nafasi iliyobaki ikiwa kubwa mno hata mtu mmoja akageuza uso.

Usiku huo Mhina alikuja akiwa ameinamisha kichwa. Yeye na Shabani walikuwa wamekwisha kuzungumza. Mimi nilikuwa nimelazwa karibu na Bibi, watu wakidhani nimesinzia. Niliwasikia wakinong'ona, na Bibi akiwaambia wote waliokuwapo: "Zaina asijue. Si jambo jema mtu kujua kwamba alishachimbiwa. Mungu kamrudisha, basi. Tumshukuru, tunyamaze." Na kijiji kikanyamaza. Hata watoto tulionywa kwa kufinywa masikio.

Ila mimi sikuelewa kile watu wazima walichokielewa. Sikujua habari ya herufi zilizomezwa na mikwaruzo. Nilichosikia kwa masikio yangu ni kwamba Mama amekufa, na nilichosikia kwa kinywa cha Bibi ni kwamba amerudishwa. Nikayaunganisha hayo mawili. Mama alikufa Korogwe, akarudishwa, na mtoto akabaki badala yake. Lilikuwa jambo la kutisha lakini halikuwa gumu. Nilichokuwa sikijui ni aliyerudi ni nani.

Maana hakuwa yule. Yule wa zamani aliimba akitwanga. Huyu alitwanga kimya, akasahau kuacha mpaka mahindi yakawa unga wa vumbi. Alitia chumvi mara mbili kwenye mchicha. Alinitazama wakati mwingine muda mrefu, uso mtupu, nikawa na hakika anatafuta jina langu. Siku moja nilijipa moyo nikamjaribu kwa jambo ambalo tulilijua sisi wawili tu.

"Mama, unakumbuka nilipomeza kifungo?"

"Kifungo gani?" alisema, bila kugeuka.

Nilitoka nje nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Usiku niliacha kulala karibu naye, nikahamia kwa Bibi, na Mama hakuuliza sababu. Sasa, nikiwa mtu mzima niliyezaa na kufiwa, najua alikuwa anafanya nini alipotutazama vile; alikuwa anatafuta nguvu ya kusimama. Lakini mtoto hana njia ya kulijua hilo.

Alipomaliza arubaini alisema anarudi kazini. Bibi alimkatalia. Alisema mashine ile ndiyo iliyomla mtoto, na ushahidi ni kwamba ilikufa siku moja naye. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga, akaniambia, "Mwanaidi, twende." Shule ilikuwa imefungwa. Nilimfuata kwa nyuma, nikiacha nafasi kati yetu.

Mashine ilikuwa kwenye kona yake, bado imefunikwa lile shuka. Bwana Pampu alikuwa ameletewa boksi la disketi kutoka Ulaya, pamoja na kijitabu. Alimpa Mama pole kwa Kiswahili chake cha kuunga, akavuta kiti, wakaanza. Mama aliingiza disketi ya kwanza. Mashine ikasaga kwa ndani kama mtu anayetafuna mahindi ya kukaanga. Kioo kilichokuwa cheusi tangu siku ya jenereta kikaonyesha kistari, kikipepesa. Kisha yakaja maneno. Mama aliyasoma, akanitafsiria bila kuniangalia: inataka ya pili. Akatoa ya kwanza, akaweka ya pili. Kisha ya tatu. Mimi nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti chake. Nilikuwa nashuhudia jinsi wanavyokirudisha kilichokufa.

"Nzima," alisema Bwana Pampu mwishoni, akipiga makofi mara moja. "Lakini mpya. Ya zamani yote kwisha." Akatoka kwenda kuangalia pampu zake.

Mama alibonyeza vitufe, akangoja. Akabonyeza tena.

"Inatafuta nini?" niliuliza.

"Barua zangu. Kazi zangu za mwaka mzima."

"Imesahau?"

"Yote. Hii ni mashine ileile lakini haijui kitu. Haijui hata kama mimi niliwahi kukaa hapa."

Alikuwa amelisema mwenyewe, neno kwa neno, lile nililokuwa nalo kifuani wiki zote zile. Nikauliza kwa sababu sikuweza tena kutouliza.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe umesahau yote?"

Aligeuka kwenye kiti. Alinitazama, na safari hii nilimwona ananiona.

"Laiti ningesahau," alisema. Halafu akakunja uso. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Kwa sababu ulikufa. Kule Korogwe. Redio ilisema. Tukakulia, wakaninyoa, na Baba akakuchimbia. Halafu wakakurudisha."

Mashine ilikuwa ikivuma taratibu. Mama hakusogea. Niliona damu ikiondoka usoni mwake kuanzia kwenye paji kushuka chini, na nikajua nimesema jambo ambalo masikio yangu yalifinywa nisiliseme.

"Nionyeshe," alisema.

Alikuwa hajawahi kufika kaburini. Wanawake hawaendi kuzika, na baada ya hapo hakuna aliyempeleka. Sasa naelewa kwamba walimzuia kwa makusudi. Nilimwongoza kupitia mihogoni. Majani yalikuwa yameanza kuota juu ya udongo. Alisimama kwenye kichwa cha kaburi, akatembeza macho mpaka miguuni, akayarudisha. Kisha akaenda polepole upande wa pili, kanga yake ikiburuza, na kila hatua aliyopiga ilionekana kumshtua upya.

"Refu hivi," alisema.

"Ndiyo."

"Yeye yuko wapi humu?"

Nikamwonyesha upande walipomlaza. Mama alipiga magoti pale, akaweka kiganja juu ya udongo, na mkono wake mwingine akaunyoosha kuelekea ile sehemu iliyobaki, ile ambayo ilikuwa yake. Ndipo alipolia. Alikuwa hajalia tangu ashuke kwenye gari. Alilia kwa sauti nene ya kutoka tumboni, nami nikamkumbatia mgongoni kwa sababu sauti ile niliijua. Ndiyo aliyolia nayo alipofiwa na mama yake mzazi. Hofu ikanitoka mwili mzima mara moja, nikabaki mwepesi.

Baadaye alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Baba yako ndiye aliyechimba?"

"Alimaliza peke yake. Walimwomba jembe, akakataa."

Tukarudi nyumbani.

Baba alirudi kutoka shambani kabla ya magharibi. Bibi alikuwa ameketi karibu na mtungi, na alipouona uso wa Mama alijua; alianza kuinuka, akaketi tena. Mama aliweka chakula mkekani, ugali na mlenda. Akachukua birika na beseni, akapiga magoti mbele ya Baba amnawishe kama kila siku. Baba akanyoosha mikono. Mama hakumimina. Aliigeuza mikono ile, akaitazama viganja, pale malengelenge yalipopasuka na kuacha ngozi mpya ya waridi.

"Siku nyingine," alisema, "usichimbe kabla hujaniona."

Baba alimtazama Bibi, akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Redio ilisema amekufa," alisema.

"Redio ilisema imekufa. Mashine."

"Herufi moja, Zaina," alisema Baba. "Nani anangoja herufi?"

Mama aliinua birika, akamimina maji juu ya mikono ile. Baba aliinawa, ikatakata. Mama akaendelea kumimina. Maji yalijaa beseni, yakafurika, yakatambaa chini ya mkeka na kuloanisha miguu yetu, na Bibi, aliyekaa karibu na mtungi wake, alitazama birika likiisha lote na hakusema neno.